Msaidizi Aliyeitwa Mara ya Pili

Klabu kubwa ikitangaza kocha mpya, kelele zote huenda kwake. Kwenye vibanda umiza vya Sirari, Nyamongo na Mugumu, mkoani Mara, jina lake hutamkwa kwa mbwembwe hata kabla hajatua nchini, huku watu wawili watatu anaoshuka nao kwenye ndege wakiitwa tu "wasaidizi wake". Basi, yameisha. Wametoka naye wapi? Nani alimwita nani? Hayo hayaulizwi, hadi timu ifungwe mechi tatu mfululizo.

Fadlu Davids ni mfano mzuri. Simba ilipomchukua Julai 2024, raia huyo wa Afrika Kusini alitambulishwa kwa makombe ya Raja Casablanca, alikokuwa msaidizi wa Mjerumani Josef Zinnbauer. Msimu wa 2023/24 Raja ilitwaa ubingwa wa Morocco bila kupoteza mchezo hata mmoja, ikaongeza na kombe la mtoano. Ni wasifu wa kupendeza, ila kombe halisemi nani kati ya wale wawili alifanya nini.

Historia yao ya pamoja inasema zaidi. Zinnbauer alipofika Orlando Pirates mwishoni mwa 2019 alimkuta Fadlu kazini, hakumchagua, alirithishwa. Mwaka 2020 wakachukua kombe la MTN8. Mwaka 2022 Mjerumani huyo akapata kazi Lokomotiv Moscow, akamwita Fadlu. Kibarua hicho kiliota nyasi ndani ya miezi michache tu. Hata hivyo, mwaka uliofuata simu ikalia tena, safari hii ya kwenda Casablanca.

Hapo ndipo pa kutulia. Kocha anaweza kumvumilia msaidizi aliyemkuta, kwa kuiheshimu klabu au kwa kukosa namna. Kumtafuta tena baada ya kuonja naye kombe na kufukuzwa ni ushahidi wa aina nyingine, na hautoki kwa wakala wala kwa msemaji wa klabu.

Ushahidi huo nao una mipaka yake. Kati ya Moscow na Casablanca, Fadlu aliiongoza Maritzburg United akiwa kocha mkuu, na mwaka 2023 timu hiyo ikashuka daraja. Aliyemwona akiwa msaidizi tu asingebashiri hilo. Tena anayemhukumu kwa Maritzburg peke yake angeshangaa kuona Simba ikifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2025, ilikofungwa na RS Berkane. Kwenye benchi hilo la Simba alikuwamo pia Seleman Matola, msaidizi wa aina tofauti kabisa: hakuletwa na kocha yeyote, ni wa nyumbani, na amekaa pembeni ya makocha wengi wa kigeni, mmoja akija mwingine akiondoka. Mtu kama huyo huwezi kumpima kwa kuuliza anafuatana na nani. Unauliza kwa nini kila anayekuja anamkuta pale.

Yanga nao wana yao. Cedric Kaze wa Burundi alikuwa kocha mkuu, akatimuliwa Machi 2021, kisha baadaye mwaka huohuo akarudi kuwa msaidizi wa Nasreddine Nabi. Wengi waliguna: aliyekuwa bosi atakubalije kupanga koni? Wawili hao walichukua ubingwa wa ligi mara mbili, na mwaka 2023 wakafika fainali ya Shirikisho, wakaikosa kwa kanuni ya bao la ugenini mbele ya USM Alger. Wakaachana. Nabi alikwenda FAR Rabat (timu iliyoachwa na Raja ya Zinnbauer na Fadlu kwa pointi moja tu kwenye ligi), kisha Kaizer Chiefs. Huko Afrika Kusini, Kaze akaungana naye tena.

Mkoa wa Mara una kumbukumbu yake. Biashara United ya Musoma, iliyomaliza ya nne msimu wa 2020/21 na kukata tiketi ya Afrika, iliachwa njiani na Mkenya Francis Baraza na kupewa Patrick Odhiambo, Mkenya mwenzake aliyewahi kuwa msaidizi Gor Mahia. Kwa watu wa Sirari, ambao Isebania ya Kenya ni hatua chache kutoka kwao, habari za benchi la Gor Mahia hazikuwa ngeni.

Mizani hiyohiyo ya kuitwa mara ya pili inafaa hata pasipo mishahara minono. Chuo cha Ualimu Tarime kikitafuta wa kumsaidia mwalimu wa michezo kuandaa timu ya UMISAVUTA, michezo ya vyuo vya ualimu, muda ni mfupi: wanachuo wana vipindi, wana mitihani, wana majuma ya mazoezi ya kufundisha. Hakuna nafasi ya makocha kujuana wakiwa kambini. Walimu wawili waliowahi kupeleka pamoja timu ya UMISSETA kutoka Serengeti wanajua tayari nani hukaa na makipa na nani huwatuliza vijana wakishafungwa. Ukiwachukua wote wawili, umepata benchi. Ukimchukua mmoja, muulize kwanza kama yule mwenzake angekubali kufanya naye kazi tena, kisha umuulize huyo mwenzake.