Kuzima Kompyuta za Darasa kwa Utaratibu

Mfanyabiashara wa soko la Buguruni, ambaye mali yake hulala katika ghala la ng'ambo ya barabara, hurudisha kwanza mizigo ghalani jioni, ndipo afungapo meza yake. Njia ikizibwa kabla mchukuzi hajavuka, mzigo hubaki nje na hesabu ya ghala hupungua. Mfano huu watosha kuwafahamisha wanachuo namna ya kuzima kompyuta zinazotumia hifadhi ya pamoja.

Katika mfumo wa Linux, ambao Linus Torvalds aliutoa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, kazi za watoto zaweza kuwekwa katika kompyuta kuu, yaani seva, na kufikiwa kwa njia ya mtandao. Njia mojawapo ni NFS, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems katika miaka ya 1980. Kuunganisha folda ya seva na kompyuta ya darasa tunakuita kupachika. Kuitenga ni kupachua.

Kwa nini tupachue? Linux haipeleki kila neno kwa seva papo hapo, bali hulishika kwanza katika kumbukumbu. Wakati wa kupachua ndipo humaliza kupeleka yaliyosalia. Mtandao ukikatwa mapema, kompyuta yaweza kukaa ikingoja jibu lisilokuja. Mwalimu mwenye haraka huchomoa waya wa umeme, na alama za mtihani ambazo hazijafika kwa seva hupotea.

Basi hatuna budi kufuata mpango huu. Kwanza, watoto wahifadhi kazi na kufunga programu zote, kwani faili lililo wazi huzuia kupachua. Pili, mwalimu mwenye madaraka ya msimamizi atoe amri ya «umount -a -t nfs,nfs4». Tatu, azime kompyuta za darasa. Mwisho azime seva, kisha kisanduku cha mtandao.

Linux nyingi za leo huendeshwa kwa systemd, ambayo hufunga huduma kinyume cha mpangilio wa kuziwasha. Hivyo folda hupachuliwa kabla ya mtandao kuzimwa. Lakini haiwezi kumzuia mtu aliyekwisha kuzima kisanduku kwa mkono wake.

Darasani, yafaa somo liigizwe: mtoto mmoja awe ghala, wa pili njia, wa tatu mchukuzi. Njia iondoke mapema mara moja, kisha watoto waulizwe: mzigo uko wapi? Wakijibu wenyewe, hawatasahau utaratibu.