Mchezo kazini: dawa ya woga au kiboko?

Je, msomaji, kichwa hukuuma kila Jumapili jioni unapokumbuka kompyuta inayokungoja kazini? Hauko peke yako. Tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, hata sisi wa kliniki za Nyeri, Karatina na Nanyuki huandikisha wagonjwa na kudai malipo kwa mtandao. Karani aliyezoea daftari kwa miaka 20 anapoketi mbele ya skrini, moyo humwenda mbio na viganja hulowa jasho. Hiyo ni kazi ya adrenalini, homoni ambayo mwili hutoa wakati wa hatari. Mtu aliye katika hali hiyo ni vigumu kujifunza jambo jipya. Hofu ikidumu, usingizi hupotea na shinikizo la damu laweza kupanda.

Dawa moja ya woga huu ni mchezo. Mwaka wa 1990, kampuni ya Microsoft ilitia karata za Solitaire katika Windows 3.0. Wengi waliozicheza walizoea kutumia kipanya bila kufunzwa na mtu. Kukosea katika karata hakumpotezei mtu mshahara, kwa hivyo mwili hutulia na mkono ukajifunza.

Kanuni hii si ngeni kwetu. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, alizikwa hapa Nyeri mwaka wa 1941. Skauti hupewa beji akionyesha kwamba amejua kazi fulani, kama vile huduma ya kwanza. Hahitaji kumshinda mwenzake.

Lakini mchezo huo huo waweza kudhuru. Mwaka wa 2011, huko Anaheim, Marekani, ilijulikana kwamba wafuaji nguo wa hoteli za Disneyland walikuwa wakipimwa kasi yao na majina yao kuonyeshwa kwenye skrini mbele ya wote. Wao waliuita mtambo huo kiboko cha kielektroniki. Baadhi waliogopa hata kwenda msalani wasije wakabaki nyuma. Kuzuia mkojo mara kwa mara huweza kuchangia maambukizi ya njia ya mkojo, hasa kwa wanawake.

Basi, ewe mwajiri, wape watu wako mahali pa kujaribia ambapo kosa halina gharama. Mpongeze kila mmoja kwa hatua aliyopiga tangu jana. Usibandike ukutani majina ya walio nyuma, na mafunzo yakiisha, mchezo nao uishe.

Nawe mfanyakazi, kila baada ya dakika 20 inua macho utazame kitu kilicho mbali kwa sekunde 20. Usimwonee haya kijana anayekuelekeza. Na ikiwa maumivu ya kichwa au kukosa usingizi kumeendelea kwa majuma kadhaa, nenda ukapimwe shinikizo la damu. Usingoje hadi uzoee kompyuta.