Uzazi wa Kuvu ya Chulebuni na Neno "Kuzaliana"

Neno "kuzaliana" aghalabu hutumiwa pasipo kuulizwa ni nani anayezaa na nani. Kiambishi -an- kwa kawaida huashiria wahusika zaidi ya mmoja. Hata hivyo, viko viumbe visivyohitaji mwenzi ili viongezeke. Mmoja ni kuvu iletayo chulebuni, ugonjwa wa matunda mabichi ya kahawa unaowasumbua wakulima wa Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu na Meru.

Ugonjwa huu ulionekana Kenya mwaka 1922, magharibi ya Bonde la Ufa. Hustawi penye baridi na mvua, kama ilivyo katika miteremko ya Mlima Kenya. Kuvu yenyewe, iitwayo kitaalamu Colletotrichum kahawae tangu 1993, hutoa spora nyingi juu ya tunda linalooza, na matone ya mvua huzirusha kwenye matunda mengine. Kila spora ni nakala ya mzazi wake. Hatua ya kijinsia haijapata kuonekana katika kuvu hii, ijapokuwa baadhi ya jamaa zake wanayo.

Kwa nini kimelea kiache jinsia? Jinsia huchanganya jeni, na kuchanganya kwaweza kuvunja mpangilio uliokwisha kufaa. Kimelea kilichopata ufunguo wa mwenyeji wake hufaidika kwa kuunakili upesi. Tena mibuni ya Arabika, ikiwemo SL28 iliyoteuliwa Kenya katika miaka ya 1930, hujichavusha, hata miche ya shamba zima ikafanana mno. Mlango ni mmoja.

Faida hiyo ina gharama. Mwaka 1964 Hermann Muller alieleza kwamba katika ukoo usio na jinsia kasoro za jeni hurundikana. Aidha, mlango ukibadilishwa, kuvu haina budi kungojea badiliko la bahati katika jeni zake.

Watafiti wa Ruiru waliubadilisha mlango. Kuanzia 1971 waliunganisha ukinzani wa aina kama Rume Sudan, K7 na Hibrido de Timor kwa kuchavusha maua kwa mkono. Ruiru 11 ilitolewa 1985. Batian, yenye jina la kilele kirefu cha Mlima Kenya, ilifuata 2010. Jinsia ambayo kimelea kimeiacha ndiyo iliyompatia mkulima kinga.

Kwa mintarafu hiyo, mwandishi wa sayansi hana budi kupima viambishi vyake: kuvu hujinakili, mbuni hujichavusha, na mtafiti huchavusha mbuni mmoja kwa mwingine. Kuyaita yote "kuzaliana" ni kuficha siri ya ugonjwa pamoja na siri ya tiba.