Garissa na Uasin Gishu: Ardhi mbili katika ramani ya Mwingereza

Mgeni afikaye Garissa kwa mara ya kwanza hushangazwa na mambo mawili: joto, na wazee wanaosema "ninakwenda Kenya" ilhali safari yao ni ya Nairobi tu, kilomita zipatazo 370 kwa basi. Vijana wa siku hizi huitumia kauli hiyo kwa mzaha. Kwa babu zao haikuwa mzaha hata kidogo. Kenya yao ilianzia ng'ambo ya daraja la Mto Tana, pale abiria walipoteremshwa na askari wakapanga foleni juani, kila mmoja kitambulisho mkononi.

Hata hivyo, ndugu msomaji, usidhani Garissa ni mji wa huzuni tupu. Aliyekulia huko hakosi cha kutamani awapo mbali. Atakumbuka mikokoteni ya punda ikipeleka maji mitaani alfajiri, maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, vijia vya Soko Mugdi visivyopenya jua, migomba na miembe kando ya mto, na twiga wa Bour-Algi wanaokutazama kana kwamba wewe ndiye kioja. Atakumbuka pia kulala nje juu ya mkeka usiku wa joto, akisikiliza watu wazima wakibishana hadi usingizi umchukue.

Na kubishana ndiko hasa. Katika vibanda vya chai vya Garissa kikombe cha kwanza huwa cha siasa za koo: nani atamrithi gavana, kiti kipi cha ubunge kiende ukoo upi, nani kala zamu yake na bado hataki kuondoka. Tangu kaunti zianze mwaka 2013 na fedha kufika karibu na nyumbani, mabishano hayo yamezidi kuwa makali. Kikombe cha pili huwa cha dunia. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilianza kutangaza mwaka 1957, na kijana aliyemkatiza adeer wake wakati wa taarifa ya habari alijua atakachokipata.

Tangu tarehe 7 Oktoba 2023 kikombe hicho cha pili kimetawaliwa na Gaza. Siku hiyo Hamas iliwaua watu wapatao 1,200 nchini Israel, nayo Israel ikajibu kwa vita vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Kisha, Machi 2025, shirika la habari la AP liliripoti kwamba maofisa wa Marekani na wa Israel walikuwa wamezifikia Sudan, Somalia na Somaliland kuulizia kama zingewapokea Wapalestina watakaohamishwa kutoka Gaza. Maofisa wa Sudan walisema wamekataa; wa Somalia na wa Somaliland walisema hawana habari. Kwa jamii yenye ndugu pande zote za mpaka, taarifa hiyo haikuwa habari ya mbali.

Lakini wazo la kuwatafutia watu wenye dhiki makao katika ardhi ya wengine, pembe hii ya Afrika, si jipya. Lilipoletwa mara ya kwanza, waliotafutiwa walikuwa Wayahudi wenyewe, na ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, pale ulipo leo mji wa Eldoret.

Aprili 1903, mjini Kishinev katika himaya ya Urusi, Wayahudi 49 waliuawa na makundi ya watu wenye hasira zilizochochewa. Wayahudi wa Ulaya Mashariki walihitaji pa kukimbilia. Waziri wa Makoloni wa Uingereza, Joseph Chamberlain, alikuwa ametembelea Afrika Mashariki miezi michache kabla na kuipanda reli mpya iliyogharimu zaidi ya pauni milioni 5, reli isiyokuwa na mizigo ya kutosha. Akaona ameua ndege wawili: kiongozi wa Wazayuni, Theodor Herzl, atapata ardhi, na reli itapata wakulima. Mpango huo ukaitwa wa "Uganda", kwa kuwa hadi mwaka 1902 eneo hilo lilihesabiwa kuwa la Uganda. Watu wengi huamini hadi leo kwamba Wayahudi walikuwa wapelekwe Kampala.

Agosti 1903 Mkutano Mkuu wa Wazayuni mjini Basel, Uswisi, ulipiga kura 295 dhidi ya 178, si kuhamia, bali kutuma tume ikaangalie. Baadhi ya wajumbe wa Urusi walitoka ukumbini kwa uchungu, wakiwemo waliotoka Kishinev kwenyewe, kwa maana hawakutaka nchi nyingine isipokuwa ile ya mababu zao. Tume ya watu watatu ilifika mwanzoni mwa 1905, ikazunguka nyanda zile kwa majuma machache, na mwaka huo huo mkutano wa Basel ukakataa rasmi.

Hebu tutazame ni nani aliyeulizwa. Wayahudi waliulizwa, wakapiga kura, wakakataa. Walowezi wa Kizungu wakiongozwa na Lord Delamere hawakuulizwa lakini walipiga kelele, na kelele zao zikafika London. Wanandi waliolisha mifugo yao huko, na Wamaasai ambao nyanda hizo zinaitwa kwa jina lao, hakuna aliyewauliza neno. Oktoba 1905, miezi michache baada ya Wayahudi kukataa, kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na ofisa wa Kiingereza. Mwaka 1908 Makaburu kutoka Afrika Kusini wakaingia Uasin Gishu na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe.

Sasa turudi kaskazini mashariki. Wilaya sita za NFD, yaani Garissa, Wajir, Mandera, Moyale, Marsabit na Isiolo, zilikuwa zimefungwa na mkoloni tangu sheria ya 1902, na mtu aliingia au kutoka kwa kibali. Uhuru ulipokaribia, Waingereza walituma tume ya watu wawili, mmoja mwanasheria wa Nigeria na mwingine jenerali wa Kanada. Mwaka 1962 ilizunguka wilaya hizo na kuwasikiliza watu hadharani. Haya yalikuwa maendeleo makubwa ukilinganisha na Uasin Gishu. Safari hii wenyeji waliulizwa. Desemba 1962 tume ikatoa ripoti: Wasomali, waliokuwa wengi zaidi, karibu wote walitaka kujiunga na Jamhuri ya Somalia. Wapokomo wa kando ya Tana na baadhi ya Waborana walitaka kubaki Kenya.

Machi 1963 Waziri wa Makoloni, Duncan Sandys, alitangaza kwamba eneo hilo litabaki Kenya, kama jimbo la saba. Viongozi wa Kenya iliyokuwa mbioni kupata uhuru hawakutaka kupoteza sehemu kubwa hivyo ya nchi, na Uingereza haikutaka kuwaudhi. Somalia ikavunja uhusiano na London, na watu wa kaskazini mashariki wakaususia uchaguzi wa Mei. Kuulizwa kisha kupuuzwa, kwa maoni yangu, huchoma kuliko kutoulizwa kabisa, kwa sababu mtu huwa ameshasema mbele ya watu lile lililomo moyoni mwake, na kesho yake hulipia.

Na walilipia. Hali ya hatari ilitangazwa Desemba 1963 na haikuondolewa hadi 1991. Vita vya Shifta vilidumu hadi mapatano ya 1967, na kila Msomali akapewa jina la shifta, hata mtoto wa shule. Simaanishi kwamba misiba ya Wasomali na ya Wayahudi ni mamoja. Kila msiba una matanga yake. Ila kuna mwaka mmoja ambao yote mawili yaligongana katika magazeti ya Kenya.

Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari walichoma mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya wakazi katika uwanja wa shule ya msingi, siku kadhaa bila chakula wala maji. Idadi ya waliokufa hubishaniwa hadi leo. Majuma machache baadaye, tarehe 31 Desemba, bomu lililipua hoteli ya Norfolk, Nairobi, mali ya familia ya Kiyahudi ya Block ambayo mwanzilishi wake, Abraham Block, alifika Kenya mwaka ule ule wa 1903. Wengi walilihusisha bomu hilo na msaada ambao Kenya iliipa Israel katika uvamizi wa Entebbe mwaka 1976. Dunia nzima iliijua Norfolk. Bulla Kartasi ilibaki siri ya wenyewe, hata Wanairobi hawakuisikia.

Ilichukua miaka 33 kabla ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano kuyaandika ya Garissa katika ripoti yake ya Mei 2013. Tarehe 26 Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa maovu ya serikali zilizopita na kuahidi hazina ya shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Juma moja tu baadaye, Aprili 2, magaidi wa al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakawaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Hapo jina la Garissa likabeba maana mpya katika kila nyumba ya Kenya, na ile habari ya radhi ikazama.

Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alifuta ule uchunguzi wa ziada ambao vijana wa kaunti za mpakani walifanyiwa kabla ya kupewa kitambulisho. Baadhi ya wanasiasa wa sehemu nyingine walipinga, wakidai usalama utaharibika. Garissa ilishangilia, ingawa wazee waliuliza mbona ilichukua zaidi ya miaka 60. Ama zile bilioni 10, waathiriwa wa Bulla Kartasi walikuwa bado wakizidai mwaka huo, na wengi wao wamekwisha kuzikwa.