Neno na Kimya: Kumbukumbu ya Ukoloni katika Tamthilia Mbili

Tamthilia ya kihistoria aghalabu hupimwa kwa mizani ya mwanahistoria: je, mtunzi amesema kweli? Swali hilo si baya, ila halitufikishi mbali. Makala haya yanadai kwamba tamthilia za ukombozi hazihifadhi tukio tu, bali hugombania haki ya kulisimulia. Mifano yetu ni Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), na The Trial of Dedan Kimathi ya Ngugi wa Thiong'o na Micere Githae Mugo (1976), ambayo kwa Kiswahili iliitwa Mzalendo Kimathi.

Vita vya Maji Maji (1905–1907) viliwakutanisha watu wa kusini ya Tanganyika dhidi ya Wajerumani. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Hussein anatahadharisha mapema kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu, na uhuru huo anautumia kumtia shujaa shaka. Katika tamthilia, maji yanawaunganisha Wamatumbi na Warufiji waliokuwa wakidhaniana vibaya. Lakini Kinjeketile mwenyewe anatambua kwamba pepo aliyempagaa amewatabiria pia utawala wa Seyyid Said. Ni ukombozi gani huu, wa kumtoa bwana mmoja na kumkaribisha mwingine? Hata hivyo, mikononi mwa Wajerumani, anakataa kuyakana maji. Hakatai kwa kuamini nguvu zake. Anakataa kwa sababu kukana kwake kungegeuzwa ushahidi mbele ya wajukuu kwamba babu zao walikosea kupigana.

Kwa Hussein, basi, silaha ya mwisho ni neno. Kwa Ngugi na Micere, mwanzoni ni kimya. Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, akahukumiwa Nyeri kwa shitaka la kupatikana na bastola, akanyongwa Februari 1957. Jukwaani, anaposomewa shitaka, hajibu. Kujibu kungekuwa kuikubali mahakama. Kumbukumbu za kesi yenyewe, zilizohaririwa na Julie MacArthur na kuchapishwa mwaka 2017, zinaonyesha mtu aliyejitetea kwa maneno. Je, tamthilia imeanguka? La, hasha. Imetuonyesha kile ambacho daftari la mtawala halikuweza kukiandika: kwamba mahakama yenyewe ndiyo iliyostahili kushitakiwa.

Lakini tofauti ya watunzi hawa ina uzito. Hussein ameiweka shaka moyoni mwa shujaa. Ngugi na Micere wameiweka zaidi nje yake, katika sura za wanaomjia gerezani kumshawishi. Njia ya pili hujenga mnara. Ya kwanza huacha swali. Mwalimu anayefundisha mnara bila swali huwanyima wanafunzi historia, na anayefundisha swali bila mnara huwanyima urithi. Tamthilia hizi mbili zafaa zisomwe pamoja.