Juu ya Kujifunza Kuchomelea Chuma kwa Umeme

Wasomaji wetu wa Maswa wameyaona mabanda ya mafundi wa kuchomelea chuma, ambapo huwaka mwanga mweupe wenye kulishinda jua, na vijana husimama kutazama. Wengi wao wangependa kuijua kazi hiyo, nao wana haki. Kwa maana mageti, nondo za madirisha, mikokoteni na majembe ya ng'ombe yote humhitaji fundi huyo. Twataka kueleza mwanzo wake ulivyo, kwa sababu wengi huuanza vibaya, wakalipa kwa macho yao.

Kwanza yafaa tujue moto huo watoka wapi. Si moto wa makaa na mivukuto, kama ule wa wahunzi Warongo wa upande wa Geita, waliofua majembe hapo zamani. Mashine hupunguza volti za umeme na kuongeza ampea. Waya mmoja hubanwa katika chuma kinachotengenezwa, na wa pili huenda katika koleo lishikalo kijiti. Ncha ya kijiti ikigusa chuma na kuinuliwa kidogo, umeme huruka hewani ukawa moto wa nyuzi zaidi ya 3,500 za sentigredi, na chuma na kijiti huyeyuka pamoja. Ule unga mgumu uliopakwa kijiti si urembo. Ukiungua hutoa moshi wa kuizuia hewa isiharibu chuma kilichoyeyuka, kisha huganda juu yake kama ukoko wa ugali. Aliyebuni kijiti cha kupakwa hivyo ni Oscar Kjellberg, Mswidi, aliyeanzisha kampuni ya ESAB mwaka 1904.

Sasa habari ya macho. Katika mwanga ule imo miale isiyoonekana, ya jamaa ya ile ya jua iunguzayo ngozi, nayo huchoma utando wa juu wa jicho. Ubaya wake ni kwamba hauumi saa ile ile. Sisi wenyewe, tulio watu wa kalamu, tulijaribu kazi hii siku moja katika banda la rafiki, tumevaa miwani ya jua tu. Jioni tulikula tukacheka. Saa saba ya usiku tuliamka macho yetu kana kwamba yametiwa mchanga wa mto, machozi yakitiririka, na siku mbili tulikaa gizani. Mtu ye yote apatwaye na jambo hili na aende zahanati, wala asitie jichoni dawa ya kubahatisha.

Wako na wafumbao macho moto uwakapo. Hao hujidanganya mara mbili: kope zao huungua, na kazi yao hawaioni. Kioo cheusi cha namba 10 au 11 si ngao tu, bali ndicho jicho la fundi. Atazamaye bila kioo huona nuru tupu. Atazamaye kwa kioo huona kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kikimfuata kijiti. Kidimbwi hicho ndicho kazi yenyewe. Kikiwa chembamba, mkono unakimbia. Kikipanuka mno na kuzama, chuma ki karibu kutoboka.

Mwanafunzi na atafute kipande cha chuma laini, unene wa milimita 5 au 6, akipige brashi ya waya mpaka kutu iishe. Achukue kijiti cha namba 6013, unene wa milimita 2.5, na mashine aiweke kati ya ampea 70 na 90. Kijiti akikwaruze kama kiberiti, kisha akiinue kadiri ya unene wake tu. Hapana budi kitanasa. Na akipindue upesi, au akiachie kutoka katika koleo. Moto ukiwa sawa hulia kama mafuta ya kukaangia. Na apige mistari mitupu siku nyingi kabla ya kuunga cho chote. Ukoko haugongwi bila miwani safi, kwa maana huruka ungali wa moto.

Glavu ziwe kavu, na vijiti pia. Vikilowa wakati wa masika huleta matundu katika kiungo. Pipa lililowahi kutiwa petroli lisiguswe kabisa, hata likiwa tupu miaka mingi. Bati lililopakwa zinki hutoa moshi uletao homa, na mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuhesabu moshi wa kuchomelea kuwa chanzo cha ugonjwa huo. Basi kazi ifanyiwe penye upepo, na kichwa kisiinamie moshi.

Jambo la mwisho ni jembe la ng'ombe, ambalo kila mwanafunzi hutamani kulitengeneza kwanza. Ulimi wake ni wa chuma kigumu. Ukichomelewa kwa kijiti cha kawaida huweza kupasuka pembeni mwa kiungo, mara nyingi ukiwa shambani, mvua imekwisha kunyesha. Huo aachiwe fundi mzoefu, na mwanafunzi aanze na mguu wa kiti.