Kuelea mtoni Tabora: Mambo ya kuzingatia kabla ya kupanga safari

MCHEZO wa kushuka na mkondo wa mto ukiwa umeketi juu ya mpira wa ndani wa gurudumu unapendwa katika nchi nyingi zenye majira ya joto. Kwa upande wa Afrika Mashariki, unafahamika zaidi mjini Jinja, Uganda, ambako wageni huelea katika Mto Nile chini ya uangalizi wa waongozaji.

Kwa wakazi wa mijini wanaotamani kuupeleka mchezo huo magharibi mwa Tanzania, katika njia ya kale ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji, jambo la kwanza kufahamu ni kwamba mito ya huko ina tabia yake. Nile ya Jinja hutoka katika Ziwa Victoria, hivyo haikauki mwaka mzima. Mto Ugalla, unaopita kusini magharibi mwa mji wa Tabora, hutegemea mvua.

Mvua za Tabora hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Katika miezi hiyo Ugalla hufurika, maji hutanda mbugani na barabara nyingi za udongo hazipitiki. Baada ya mvua kukatika, maji hushuka polepole, kwa kuwa mabwawa na matete huyahifadhi kabla ya kuyaachia kuelekea Ziwa Sagara na hatimaye Mto Malagarasi. Ukanda huo wa ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ni wa kwanza nchini Tanzania kuorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000, na una ukubwa wa zaidi ya hekta milioni tatu.

Ifikapo Septemba na Oktoba, mkondo wa Ugalla hukatika sehemu nyingi na kubaki madimbwi. Hapo ndipo ilipo hatari kubwa. Viboko na mamba waliokuwa wametawanyika wakati wa mafuriko hulazimika kusongamana katika maji machache yaliyobaki. Kwa maneno mengine, wakati ambao mto unaonekana kuwa mtulivu na usio na kina ndio wakati usiofaa kabisa kwa mtu kuingiza miguu majini.

Hatari hiyo si ngeni kwa wasafiri wa njia hii. Richard Burton na John Speke, waliofika Kazeh, eneo ambalo sasa ni sehemu ya Tabora, Novemba 1857, walivuka Malagarasi kwa mitumbwi kabla ya kuingia Ujiji Februari 1858. Mwaka 1871, Henry Stanley alipokuwa akielekea Ujiji kumtafuta David Livingstone, punda wake mmoja alikamatwa na mamba alipokuwa akivushwa katika mto huohuo kwa kuogelea. Watu walivuka kwa mitumbwi, tena kwa kulipa ushuru kwa watawala wa Uvinza. Punda aliyeachwa majini ndiye aliyepotea.

Hivyo basi, katika mito hiyo mpira wa gurudumu haufai. Anayeketi juu yake huwa ametumbukiza sehemu ya mwili majini, hana namna ya kuuelekeza upesi, na jino moja la kiboko latosha kuutoboa. Chombo kinachofaa ni boti imara, yenye nahodha anayeujua mto, na kila abiria avae jaketi okozi tangu anapopanda hadi anaposhuka.

Muda wa kuondoka nao una maana. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurejea alfajiri. Anayekutwa kati yake na maji yumo hatarini. Ni busara kusubiri jua lichomoze vizuri, kuepuka kupita kwenye vijia vya wanyama kandokando ya mto, na kurudi kabla ya magharibi.

Kwa wenye watoto wa shule, likizo ya katikati ya mwaka huangukia kipindi kizuri zaidi. Mwezi Juni mvua zimekwisha, barabara zinaanza kupitika na mto haujawa madimbwi matupu. Hata hivyo, usiku wa Tabora katika Juni na Julai huwa na baridi, hivyo nguo nzito zinahitajika.

Suala la kibali halipaswi kuachwa hadi siku ya mwisho. Sehemu kubwa ya bonde la Ugalla ilikuwa pori la akiba hadi mwaka 2019, ilipopandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA). Anayetaka kuingia anapaswa kulipa kiingilio, kufuata masharti ya hifadhi na kuuliza mapema iwapo safari za boti zinafanyika kwa kina cha maji kilichopo.

Wanaofikiria Malagarasi wanapaswa kujua kwamba mto huo si tulivu kote. Chini ya Uvinza, kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, una miporomoko, ikiwamo ya Igamba. Hakuna anayepaswa kushuka na mkondo bila kujua kwa hakika mahali pa kutokea.

Kuhusu afya, kichocho huambukizwa kwa ngozi kugusa maji yenye vimelea vinavyotoka kwa konokono, hasa penye maji yaliyotuama. Aliyegusa maji hayo apime baada ya wiki kadhaa hata kama hajihisi mgonjwa, kwani tiba ipo. Aidha, misitu ya miombo ya huko ina mbung'o wanaoeneza malale, na malaria ni tishio la mwaka mzima. Chandarua na nguo za mikono mirefu ni lazima.

Kwa anayetaka hasa kuelea juu ya mpira, Jinja inabaki kuwa chaguo lenye usalama zaidi, mradi afuatane na waongozaji wenye uzoefu. Anayekwenda Tabora aende kuutazama mto akiwa ndani ya boti, na asipopata boti, autazame kutoka ukingoni, kwa umbali ambao askari wa hifadhi atamwelekeza.